Mdomo wa Mjumbe

Jumatatu, 4 Agosti. Soga.

Siku ya kumi na saba bila Firdausi. Chai nimepika, sukari nimesahau, nikainywa hivyo hivyo kama adhabu. Mke wangu yuko kwao Masaki. Wasiojua hudhani ni ile Masaki ya mabalozi kule Dar, nami siwasahihishi. Ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na korosho.

Niandike kwa ajili ya haki: kosa si langu. Baba mkwe, Mzee Mwishehe, alikuja kututembelea. Ametoka kutawadha, kanzu nyeupe, anaelekea kwenye mkeka wa sala. Mbwa wangu akamlamba pindo. Mate ya mbwa ni najisi, hilo kila mtu analijua, na Mzee analijua kuliko kila mtu. Akarukia juu ya kiti cha plastiki. Kiti kikavunjika mguu. Mzee akaketi ndani ya beseni la kunde. Kanzu ikafuliwa mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka.

Kesho yake nilisimulia kidogo kwenye kijiwe cha kahawa. Kidogo tu. Sehemu ya beseni niliirudia kwa sababu waliomba. Mzee alipofika kwao Kisarawe alikikuta kisa kimetangulia, kinamngoja msikitini. Jumamosi Firdausi akafunga begi.

Leo kanipigia shemeji Naila, mdogo wake Firdausi, anayekaa Maili Moja. Ana ujumbe kutoka kwa dada yake. Neno kwa neno: "Mwambie, siku huo mdomo utakapofungwa, nitarudi."

Nikamtazama mbwa. Mdomo wazi, ulimi nje, mate yanadondoka kwa raha zake. Kumbe ni hilo tu! Siku kumi na saba nalala upande mmoja wa kitanda, na dawa inauzwa dukani.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi kwa jirani yangu Laurean, bwana mifugo mstaafu. Nimempa shikamoo mbili maana nilikuwa na shida. Akaniambia vifunga mdomo vya mbwa, ambavyo siku hizi watu wanaviita barakoa, ni vya aina mbili. Kuna cha kitambaa, kinabana mdomo kabisa. Hicho ni cha dakika chache, mbwa akichomwa sindano. Na kuna cha kikapu. Kwenye kikapu mbwa anafungua mdomo, anahema, anakunywa maji, ila hang'ati. Mbwa hatoi jasho kama sisi, akasema, jasho lake ni ulimi. Ukimfunga ulimi juani unamuua.

Nikauliza cha kikapu kinazuia mate? Akasema hapana, mate yanapita. Nikauliza cha kitambaa je? Akasema kidogo. Akaniuliza nataka kumzuia mbwa asing'ate au asilambe. Nikajibu ni mambo ya ndani ya nyumba.

Akasema nimpime pua kwa urefu na mzunguko, mdomo ukiwa wazi kidogo. Kisha nimzoeze wiki mbili au tatu, polepole. Wiki tatu! Huyu mzee amezoea ng'ombe. Hajui mtu anavyozoea sauti ya mwanamke kuvuta kandambili uani alfajiri, halafu siku moja uani kimya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimetoka Maili Moja. Nimenunua cha kitambaa. Muuzaji aliniuliza kipimo, nikampa. Kumbe nilimpima Mjumbe amelala, mdomo umefumbwa.

(Jina lake ni Mjumbe. Analinda viti na maturubai yangu ya kukodisha. Nilimwita hivyo kwa kuwa mjumbe hauawi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi hajanisalimu tangu siku hiyo.)

Nikambana kati ya magoti, nikamvisha kwa nguvu, nikafunga. Akanitazama. Mtazamo ule naujua, niliuona Jumamosi ile mlangoni, juu ya begi. Kisha akajibwaga chini, akakwaruza uso kwa miguu ya mbele, akarudi kinyumenyume mpaka kwenye banda la kuku la jirani Ambokile. Dakika tatu. Barakoa ilibaki kwenye wavu wa banda. Tangu hapo nikitoa mkono mfukoni, Mjumbe anaondoka.

Ambokile alikuwa anaangalia, bila shaka. Yeye ana mbwa anaitwa Komando, mwenye barakoa ya ngozi. Anamtembeza mpaka stesheni ya treni, anamwambia kaa, anakaa, abiria wanapiga picha. Ambokile kaniambia mbwa hufuata tabia ya mwenye nyumba. Nikamjibu ndiyo maana Komando hana rafiki.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane.

Sikukuu, sina wa kula naye sikukuu. Nimeingia jikoni kutafuta chumvi. Ukutani nikaona kifumbu cha Firdausi, kile kifuko kirefu cha ukindu cha kukamulia nazi. Mama yake, Bi Mwamini, alikisuka kwa mkono wake akampa siku ya harusi. Wenzake wanachujia vyombo vya plastiki, yeye hakubali. Anaweka machicha ndani, anakinyonga, tui linashuka jeupe, na mimi nikipeleka kidole nionje napigwa kofi la mkono bila yeye kugeuka.

Nimekitungua. Nimekinusa. Nimekinusa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mzima mwenye turubai tatu.

Nikiwa bado nimekiweka puani nikagundua kwamba kinaenea puani.

Kimesukwa, kwa hiyo hewa inapita. Kirefu kama pua ya mbwa. Kina harufu ya nazi. Hiki ni kikapu! Nimekuwa na barakoa ya mbwa ukutani miaka sita, nikaenda kununua nyingine Maili Moja.

Jumapili, 10 Agosti

Mafunzo. Nimefuata njia ya Laurean, ila nimezigeuza wiki kuwa saa. Machicha kidogo ndani ya kifumbu. Sikumshika. Nikakishika wazi, nikatazama pembeni kama mtu asiye na shida naye. Mjumbe akanusa. Akaingiza pua. Akatoa. Akaingiza. Mara ya kumi nikafunga kamba nyuma ya masikio, nikahesabu mpaka tano, nikafungua. Mara ya ishirini nikahesabu mpaka mia.

Jioni yeye ndiye anayenifuata na kuingiza kichwa. Ambokile alisimama kwenye uzio, akatazama. Siku njema kabisa. Nilitaka kumsimulia Firdausi, nikashika simu, nikakumbuka hapokei.

Jumatano, 13 Agosti

Laurean kaja kukagua. Akamtazama Mjumbe analamba kwa ndani, macho ameyafumba kwa utamu. Akasema, "Huyu hajavaa, mwanangu. Huyu ameandaliwa." Siku machicha yakiisha, au akiona mengine nje ya kifumbu, nitajua tofauti. Wazee hawapendi kuona kijana akifaulu haraka.

Nimempigia shemeji Naila. Nikamwambia mwambie dada yako mdomo umefungwa. Akauliza kama ni kweli. Wallahi, nikasema, tangu Jumapili. Akauliza hata kijiweni kwenye kahawa? Nikashangaa, nani anapeleka mbwa kwenye kahawa? Lakini sikutaka kuharibu. Nikajibu hata kijiweni, haufunguki. Akauliza ni vigumu? Nikasema mwanzo ilikuwa tabu, kukwaruza na kujitupa chini, ila sasa nikiona hamu inazidi naweka machicha ya nazi, basi. Naila akasema pole sana shemeji, kumbe umeumia hivyo. Sauti yake ilikuwa imelowa. Sikujua familia ile inampenda mbwa kiasi hiki.

Saa kumi akarudisha simu. Firdausi amesema niende Jumamosi.

Nimepiga pasi shati moja mara tatu.

Jumamosi, 16 Agosti. Masaki, kisha nyumbani.

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Nilikodi bajaji ya Dulla. Mjumbe nyuma miguuni pangu, kifumbu puani, mtulivu kama mgeni wa heshima. Tukafika. Firdausi alikuwa amesimama mlangoni, kanga ile ya zambarau, amekonda kidogo au mimi ndiye nimesahau. Alikuwa anatabasamu.

Kisha Mjumbe akashuka.

Tabasamu likasimama. Mzee Mwishehe akapandisha kanzu mpaka magotini. Bi Mwamini alikuwa uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi ya wali wa mkwe. Akainua macho. Akatazama mbwa, akatazama pua ya mbwa, akaacha kukuna.

Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Latifu baba, hicho si kifumbu changu?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri: ukindu, hewa, kipimo, mafunzo. Nikamgeukia Firdausi nikasema si ulisema mdomo ufungwe?

Akasema, "Mdomo niliousema ni huo wa kwako."

Dulla alizima bajaji asikie vizuri.

Nikaanza kueleza upya kwa mikono, na katika kueleza nikalegeza kamba niliyomshikia Mjumbe. Kwenye kifumbu machicha yalikuwa yameisha. Kwenye bakuli la Bi Mwamini yalikuwa yamejaa. Mjumbe akaona tofauti. Akapita katikati yetu, akaingiza kifumbu, pua na kichwa ndani ya bakuli, akapindua sufuria ya tui, akailamba mbuzi kwa kupitia tundu alilokwisha kulitafuna mbele ya kifumbu bila mimi kujua. Mzee akapanda juu ya kinu.

Nikaosha. Bakuli, sufuria, mbuzi, mwiko. Kila kimoja mara saba, moja kwa udongo. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba. Kwenye sufuria nikapoteza hesabu, sikujua ni mara ya nne au ya tano. Firdausi akaja akakaa kwenye kibao, mbali kidogo, miguu ameikunja.

Akasema, "Ya tano. Anza ya sita."

Akanihesabia mpaka mwisho. Sita, saba. Sita, saba. Jua lilikuwa linatua kwenye mikorosho na mimi nilitamani wangekuwa na vyombo zaidi.

Baadaye akaniambia, akiangalia chini. Atarudi Jumatano. Si kwamba amesahau. Baba yake hakuanguka kwenye beseni mbele ya watu kumi, alianguka mbele yetu wawili. Hao wengine niliwaleta mimi, kwa mdomo wangu. Sasa kapanda kinu. Hili likitoka nje ya uwanja huu, basi tena. Nisimwambie mtu. Dulla yeye keshaapa kwa msahafu wa Mzee. Mimi niliapa pia, kwa mikono yenye udongo.

Jumatatu, 18 Agosti

Sijamwambia mtu.

Laurean si mtu, ni mtaalamu. Ilibidi ajue mafunzo yaliishaje. Ambokile nilimwambia kwa kuwa aliniona narudi bila kifumbu, na mtu asipoambiwa ukweli hutunga. Kijiweni sikutaja jina. Nilisema mzee mmoja, wa sehemu fulani ya Kisarawe, mwenye mkwe mwenye turubai. Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Kwenye kinu niliishia hapo hapo. Waliponiomba, nilikirudia mara moja tu.

Nimefagia nyumba. Shuka nimebadilisha. Upande wake wa kitanda nimeupiga mikono mpaka ukanyooka.

Jumanne, 19 Agosti

Shemeji Naila kapiga saa mbili asubuhi. Hakusalimu. Kasema dada yake alikuwa ameshafunga begi, ameliweka karibu na mlango tangu jana. Jana hiyo hiyo, baada ya swala ya alasiri, watu wawili msikitini wakamuuliza Mzee Mwishehe kama kinu kilikuwa cha mti gani.

Firdausi amelifungua begi. Amezirudisha nguo kabatini, moja moja. Naila alikuwa anamwangalia. Hakulia, kasema, hilo ndilo lililomtisha.

Nimekaa kwenye kitanda nilichokinyoosha. Nikakaa upande wangu. Nimewaza mchana kutwa. Tulikuwa watu watano uwanjani. Mzee hawezi kujisema. Bi Mwamini hawezi. Firdausi hawezi. Dulla kaapa kwa msahafu. Kuna mtu mwenye mdomo hapa Soga, asiye na huruma na ndoa za watu, na mimi sitalala mpaka nimjue.

Kesho mapema naenda kijiweni. Nitawauliza wote, mmoja mmoja. Nitaanza kwa kuwasimulia kisa kizima, tangu bajaji mpaka kinu, na majina yote, ili asije mtu akasema hajui ninauliza kuhusu nini.