Mlinzi wa Maji Marefu

Jumapili, 6 Aprili

Nimepewa cheo! Mlinzi wa maji. Nimekiandika hapa ili nikione kwa macho yangu.

Ilikuwa hivi. Birika la ubatizo kanisani limepasuka, kwa hiyo Sabato ijayo watu watabatizwa mtoni kama zamani, pale penye kina, chini ya shamba langu la chai. Jana Mzee Manasseh, mzee wetu wa kanisa, aliuliza nani anayeyajua maji, asimame upande wa chini ambako mto unakaza mwendo, amdake yeyote atakayechukuliwa. Mokua akainua mkono. Jirani yangu Mokua, mtu asiyeweza hata kupiga chafya bila kutafuta watazamaji! Basi na mimi nikainua. Nikasimama kabisa. Nikasema mwaka ule wa mafuriko niliuvuka mto huu na ndama mabegani. Kanisa zima likasema amina. Manasseh akanipa kazi papo hapo.

Tatizo ni moja tu. Sijui kuogelea.

Anayeijua siri hii ni mke wangu Nyanchera. Na pengine Mokua. Utotoni wenzangu walipokuwa wakijitupa majini na kupiga mbizi, mimi nilikuwa nalinda nguo. Kuna mtu ilibidi alinde! Mbuzi wa kwa kina Mokua walikuwa wanakula mashati.

Jumatatu, 7 Aprili

Mazoezi. Nimelala kwa tumbo juu ya kigoda, nikapiga mikono na miguu. Naelea vizuri sana. Kigoda kimevunjika, lakini hapo mwenye makosa ni seremala.

Nyanchera alikuwa mlangoni na mwiko wa obokima, ugali wetu, mkononi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akasema niende kwa Manasseh leo hii nimweleze ukweli, maana mvua inanyesha kila alasiri huko juu, mto umeshiba, na hautaniuliza kama nina cheo. Ati nikajianike mbele ya Manasseh! Halafu Mokua asimame mahali pangu ametoa kifua? Nikamwambia bora nife maji. Akasema hilo ndilo analoliogopa. Akarudi jikoni.

Wanawake hawaelewi mambo ya uongozi.

Jumanne, 8 Aprili

Mjini Keroka, kwa Jaffer wa duka la mitumba. Babu yake Jaffer alitoka Mombasa, kwa hiyo nilijua kuogelea kumo damuni. Nikamvuta kando nyuma ya makoti, nikamwomba anifundishe. Akanitazama. Akasema yeye amezaliwa hapo hapo Keroka, bahari ameiona kwenye kalenda, na hata beseni likijaa sana humwita mama watoto alibebe. Kisha akaniuliza, bwana Angwenyi, si ni wewe uliyezaliwa kando ya mto? Swali la kijinga. Nikaanza kuulizia bei za makoti.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Katika lundo la vitu vya watoto kulikuwa na boya la kujaza pumzi, la manjano, lina kichwa cha bata. Nililijaribu nyuma ya pazia. Linanibana kiunoni, lakini ndani ya shati halionekani. Naonekana tu kama mtu aliyeanza kula vizuri. Kichwa cha bata nimekikunja ndani na kukibana kwa kibanio cha nguo.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeogelea!

Asubuhi, kabla watu hawajaamka kuchuma chai, nilikata mgomba, nikaukokota hadi mtoni, nikaukumbatia, nikaingia. Baridi iliniuma hadi kwenye meno. Kisha ikaacha. Maji yalinibeba. Mimi, mtu mzima mwenye goti bovu, sikuwa na uzito wowote. Nilipiga miguu, povu likaruka, ndege wakatoka kwenye matete, nikacheka peke yangu kama mtoto. Yaani hiki ndicho walichokuwa wanakipata wenzangu miaka yote ile huku mimi nikihesabu suruali zao! Niliona uchungu kidogo. Kisha nikapiga miguu tena.

Hapo ndipo mto ulipokaza mwendo. Haukuniuliza. Kona ya kwanza nikaiona, ya pili nikaipita kinyumenyume, nikamwita Nyanchera, mama yangu, na Mungu, nadhani kwa mpangilio huo. Mgomba ulikwama kwenye matete. Nilipanda ukingo na kujikuta katikati ya mboga za Mokua, naye Mokua mwenyewe amesimama na jembe.

Nikamwambia nakagua mkondo. Akauliza kama mkondo umependa mboga zake.

Alhamisi, 10 Aprili

Usiku mzima sikupata usingizi, na asubuhi akili ikaja. Mlinzi wa kweli hangoji mtu ateleze. Anazuia! Watu wakishuka vizuri, hakuna atakayechukuliwa, na kama hakuna atakayechukuliwa, sina haja ya kuogelea. Kwa nini Mokua hakulifikiria hili? Kwa sababu ni Mokua.

Binamu yangu anachonga vinyago Tabaka. Nilimpigia simu, na kufikia mchana pikapu ilileta mabamba ya mawe yale laini, meupe na ya waridi, mabaki ya kazi yake. Nimeyapanga kwenye ukingo yakawa ngazi hadi ndani ya maji. Kisha nimeyasugua kwa msasa na maji mpaka yakang'aa. Hata mjini hawana ngazi kama hizi!

Nyanchera akaja kuangalia. Akauliza kama mimi ni Mgusii au nimeokotwa. Akasema kila mtoto wa huku anajua jiwe la Tabaka likilowa linakuwa sabuni. Mong'ina Bonareri, mama mzee ambaye naye atabatizwa Sabato, alikuwa anapita na beseni la nguo. Akagusa ngazi ya kwanza kwa dole gumba la mguu. Alipita pembeni kwenye tope, akacheka njia nzima hadi kwao.

Kejeli tupu. Mtu akileta maendeleo lazima achekwe.

Ijumaa, 11 Aprili

Manasseh alikuja kukagua. Nilikuwa nimefunika ngazi kwa majani ya migomba zisilowe, kwa hiyo alizikanyaga zikiwa kavu. Akasifu sana. Akasema kanisa limepata mtu. Mokua alikuwepo, akapendekeza wawe walinzi wawili. Nikasema hapana. Cheo hakigawanywi kama mkate.

Mvua imenyesha huko juu. Mto umekuwa wa kahawia.

Kabla jua halijazama Nyanchera alinisihi tena. Safari hii hakufoka. Alisema mume anaye mmoja, mpumbavu au vyovyote, na hataki kuletewa akiwa kwenye blanketi. Machozi yalimtoka. Nilikaribia kabisa kwenda kwa Manasseh.

Kisha nikamwona Mokua kwake, anajinyoosha mikono. Nikaingia ndani nikajaza bata.

Jumamosi, 12 Aprili

Jua limezama, Sabato imekwisha, sasa naweza kuandika. Nimejifunika blanketi mbili. Ni baridi tu.

Kwaya ilipanga mstari ukingoni ikiimba. Wabatizwa wamevaa majoho meupe. Mchungaji alishuka kwanza kwa kupitia tope, sijui nani alimwambia, akasimama majini hadi kiunoni. Mimi nilikuwa upande wa chini, juu ya bamba moja nililojiwekea huko, tumbo mbele, mikono nyuma. Mokua alikuwa ng'ambo, amekaa tu. Nilijisikia vizuri sana.

Manasseh akasema yeye atashuka kwa ngazi za ndugu Angwenyi ili wengine waone njia. Akakanyaga ya kwanza. Hakukanyaga ya pili. Alipita zote kwa makalio, Biblia juu, akamkumba Mchungaji, wote wawili wakazama, kisha wakaja kwangu kwa kasi ya ajabu.

Kazi ilikuwa ni kuwadaka. Naapa nilinyoosha mkono! Jiwe likaniondoka chini ya mguu.

Sikuzama. Niliondoka. Boya lilipanda hadi kwapani, shati likapasuka, kibanio kikaruka, na kichwa cha bata kikachomoza chini ya kidevu changu mbele ya kanisa lote. Hewa ikaanza kutoka kwa sauti ambayo sitaki kuieleza. Maji ya kahawia yakaniingia mdomoni na puani. Hapo nikaogopa. Niliogopa kweli. Nilimwona Nyanchera ukingoni akikimbia sambamba na mimi, kitambaa kimemdondoka kichwani, anaita jina langu, na nikajua alisema kweli.

Mokua alijitupa akamtoa Mchungaji. Nani alitutoa mimi na Manasseh? Mong'ina Bonareri! Alijitupa na joho lake jeupe, akapasua maji kwa mikono miwili kama anayelima, akamshika Manasseh kwenye kola na mimi kwenye bata. Alijifunza utotoni, anasema, akifuata nguo zilizochukuliwa na mto.

Kwaya haikuacha kuimba hata kidogo. Hakuna aliyewaambia waache.

Mchungaji, akikohoa, alimwuliza Bonareri kama bado kuna haja ya kumzamisha. Akajibu kwamba ile ilikuwa ya kazi, hii ni ya Yesu. Akabatizwa.

Kisha wazee wakakaa kikao pale pale kwenye nyasi, majoho yakidondosha maji. Bonareri ndiye mlinzi wa maji tangu leo. Mimi wamenipa kulinda nguo za wabatizwa. Mokua ndiye aliyependekeza. Alisema nina uzoefu.

Nyanchera alinifunga kwa leso yake, akanitembeza hadi nyumbani. Mlangoni akanipiga kofi, kisha akanishika muda mrefu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimefikiri kwa utulivu. Mawe hayakuwa na kosa, ni maji yaliyoyalowanisha. Boya halikuwa na kosa, ni kibanio. Na kama Manasseh angepunguza nyama, angefika ngazi ya pili.

Bonareri amepita asubuhi. Amesema nikitaka atanifundisha, kila Jumapili, pale kwenye maji ya magotini, pamoja na wajukuu zake. Nilikumbuka ile asubuhi ya mgomba, jinsi maji yalivyonibeba, nikakaribia kusema ndiyo. Lakini wajukuu! Mmoja hana meno ya mbele. Mokua angeniona. Nikamshukuru, nikasema nina shughuli.

Na shughuli ninayo. Kanisa moja kule karibu na Ekerenyo nao wanabatiza mtoni mwisho wa mwezi, na hawana mlinzi. Huko hakuna anayenijua. Nimeshawapigia simu. Nimewaambia niliuvuka mto wakati wa mafuriko na ndama wawili.

Nyanchera ameficha boya. Haidhuru. Mawe yamebaki mengi, na tangu mchana niko nyuma ya nyumba nayasugua.