Injini ya Basi Katika Gari la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Hukumu imetoka. Mama kasema Jumapili gari la porini la baba likitoka getini kwa nguvu zake lenyewe, linabaki. Lisipotoka, kaka anamwita mtu wa vyuma chakavu. Kaka kaitikia haraka mno. Anataka nafasi ya kuegesha gari lake, lile la kupandia milima, lenye winchi ya kujivuta topeni mbele na lisilojua tope. Analiogesha kila Jumamosi kama mtoto mchanga.

Mimi sina wasiwasi. Nimepata injini ya dizeli ya basi dogo. Ile ya baba ilikufa kabla yeye hajafariki, naye akaendelea kukaa garini jioni, mikono kwenye usukani, haendi popote. Nilikuwa nikimwona kupitia dirisha la jikoni. Namkumbuka sana pale.

Jumanne, 4 Machi

Injini ya zamani imetoka. Mpya haiingii! Nilipima kwa kamba ya kuanikia nguo, na kumbe inavutika. Feni inagonga rejeta. Nimeitoa feni. Nani alisema gari la porini lazima liwe na feni? Fundi jirani, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akajibu kwamba ni yeye. Nimerudisha feni. Nimesogeza injini nyuma.

Kaka kaniletea boksi lake la soketi za kufungulia nati, zinang'aa. Nimekataa. Asije akasema gari limefufuliwa na vyombo vyake. Nina spana malaya ya baba, inakubali nati yoyote.

Jioni. Nati zimeliwa vichwa. Soketi za kaka nimezichukua alipoingia kuoga.

Alhamisi, 6 Machi

Injini imerudi nyuma, giaboksi nayo imerudi nyuma, shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma ikabidi ikatwe na kuchomelewa upya. Sasa imeinama. Jiwe la kwanza tu litaipinda, na katika klabu yetu ya magari ya porini shafti iliyopinda husimuliwa mpaka wajukuu.

Nimelala chini ya gari nikiwaza. Baba alisema gari halina siri kwa mtu aliye tayari kuchafuka mgongo. Mgongo umechafuka. Siri ikaja! Difu, lile bonge la gia katikati ya eksili ya magurudumu ya nyuma, ina pua inayopokea shafti, na pua hiyo iko chini. Nikiipindua difu juu chini, pua inapanda. Matundu ya bolti yanalingana kabisa. Miaka yote hii mafundi walikuwa wapi?

Fundi kauliza kama najua magurudumu yatazunguka vipi. Nikamjibu magurudumu huzunguka, ndiyo kazi yake. Akamaliza chai, akaenda zake. Wivu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Imewaka! Moshi umetia weusi nguo zote kwenye kamba. Gia sijajaribu. Jambo jema halichokonolewi.

Mama katoka jikoni akifuta mikono. Kasikiliza muda mrefu. Kisha akasema sauti hii si yenyewe, injini ya baba ilikuwa inakohoa kwanza. Akarudi ndani. Nimebaki na kitambaa mkononi, furaha imenyauka. Nilitaka kumrudishia kitu, na sasa sina hakika kama sikukitupa pamoja na injini ya zamani.

Baadaye nimemkuta anashona kiti cha dereva. Kaka alikuwa amemshikia taa. Aliponiona hakuondoka.

Jumapili, 9 Machi

Geti wazi. Pua ya gari imelielekea. Mama kavaa vizuri, kakaa kando yangu. Fundi ukutani na chai yake. Kaka kaegesha gari lake nyuma yetu kabisa, tayari kuirithi nafasi.

Nimetia gia ya kwanza. Nimeachia klachi. Tukarudi nyuma.

Winchi ya kaka imepata kazi kwa mara ya kwanza. Taa mbili za gari lake chini. Nimetia ya pili nijinasue, tukazidi kulikumbatia! Difu iliyopinduliwa hupindua safari. Nikamwona akilini mtu wa vyuma chakavu akija na mzani wake.

Basi nikatia rivasi. Gari likaenda mbele, polepole, likinguruma kama linabishana, likavuka geti.

Kaka alitufuata kwa miguu, bila kuhema, akidai haihesabiki, kwani tumetoka kwa rivasi. Mama akashusha kioo.

"Nilisema litoke. Sikusema kwa gia gani."

Tumezunguka mtaa mzima hivyo. Watoto walitupita wakitembea. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya dashibodi, na nilipomtazama alikuwa analia na kucheka. Nami nikalia. Gari linabaki.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kaja na ushauri bila kuombwa. Nifungue difu, niirudishe kama ilivyokuwa, nusu siku kazi imeisha.

Ndiyo mafundi hao! Hawafikirii. Gia zote nzuri sasa zinaelekea nyuma, na zinafanya kazi vizuri ajabu. Kasoro ni moja tu: dereva anatazama upande usiofaa.

Nimeshang'oa kiti. Kesho nahamisha usukani.