Msasa wa Kitambaa na Kinu cha Akina Mama

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kinu cha akina mama hapa Kyumbi kimesimama. Beringi imekufa, na shafti, chuma kinachozunguka ndani yake, imeshika kutu pale beringi inapokaa. Mke wangu Nzilani ni mwanachama na ndiye anayeshika ufunguo wa kinu. Ameleta habari jioni: Peris, mwenyekiti wao, anataka kumwita Kitonga.

Kitonga tena. Karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi naona migongo ya watu waliopaswa kuwa wateja wangu. Tulifundishwa kazi na fundi mmoja, yeye na mimi. Alikuwa wa mwisho kumaliza kila kitu. Siku hizi watu wanauita uvivu huo umakini.

Nimemtuma Nzilani kwa Peris na neno. Kwamba Kitonga husugua shafti kwa msasa wa karatasi, ule wa seremala, unaochanika na kuacha vipande ndani ya mashine. Mimi hutumia wa kitambaa, ambao hauchaniki. Nzilani akauliza kama nimemwona. Nikasema fundi humjua fundi.

Sijamwona. Lakini ni mtu wa kufanya hivyo.

Jumanne, 15 Julai

Kazi ni yangu. Nzilani alisimama mbele ya wenzake akasema atasimama na mimi, kazi ikiharibika wamuulize yeye. Nilimwambia hakukuwa na haja ya kuongea sana.

Nimenunua msasa. Kanuni naijua. Namba ikiwa kubwa, msasa ni laini. Kutu ya juujuu kwenye shafti inataka mia mbili arobaini, halafu mia nne, na tone la mafuta. Inataka pia siku nzima, na Kitonga amekaa mlangoni pake akinywa chai huku akitazama upande wangu. Nimechukua namba sitini, ile ya kulainisha vidonda vya weldi kwenye mageti. Yaliyo laini ni ya watu wasio na haraka.

Jumatano, 16 Julai

Nimefanya kazi mbele ya watu. Nilikata ukanda mrefu wa kitambaa, nikauzungusha kwenye shafti, nikashika ncha mbili na kuvuta huku na huku kama mtu anayejifuta mgongo kwa taulo. Kutu ilitoka mara moja. Niliendelea, kwa sababu akina mama walikuwa bado wanatazama. Shafti iling'aa. Vumbi jeusi likamwagika kila mahali. Mmoja akauliza kwa nini nisifunike kwanza mdomo wa kinu kwa gunia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Beringi mpya iliingia kwa mkono tu. Nikawaeleza kwamba beringi isiyohitaji nyundo ni alama ya fundi. Wakapiga makofi. Nzilani alikuwa anacheka na Peris. Sijamwona akicheka hivyo tangu binti yetu Mutanu apelekwe shule ya bweni.

Basi Kitonga akavuka barabara. Alishika beringi, akaitikisa. Akaongea chini chini, ili wengine wasisikie.

"Ndunda, hii inacheza. Umekula chuma cha shafti mno."

Nikamwambia inapumua.

Akasema tuitoe shafti pole pole kesho, tuijaze weldi, twende nayo Machakos mjini kwa mwenye mashine ya kukereza, ipunguzwe hadi kipimo. Hakuna atakayejua, akasema, na kazi itabaki yangu.

Niliona mtego wenyewe. Nikamwambia arudi kwake akamalizie chai.

Alipoondoka nilikata kipande cha kopo la soda, nikakikunja kati ya shafti na beringi. Haichezi tena.

Alhamisi, 17 Julai

Kinu kimesaga kutwa. Foleni hadi barabarani. Nilikaa kwenye kiti mahali Kitonga angeweza kuniona. Peris amesaga mahindi mengi. Jumamosi anapokea wakwe, watu wa Konza, wanaokuja kuongea habari ya binti yake. Ameniita fundi wetu.

Jumamosi, 19 Julai

Siku mbaya, na si kwa kosa langu.

Nzilani alikwenda kwa Peris kusaidia kupika. Hadithi nimeipata kwake, kwa vipande. Wakwe walikaa. Maombi yakafanywa. Ugali ukaletwa, na mbuzi. Mzee wao akachukua tonge, akatafuna, akakoma. Chumba chote kikasikia. Kama mtu anayekanyaga kokoto, Nzilani alisema. Akina mama wote wa upande wao wakaendelea kutafuna kwa heshima, macho chini. Mwishowe mzee akaweka sahani, akauliza kwa upole kama nyumba hii huwapima wakwe kwa mawe.

Ni vumbi la msasa. Lilianguka ndani ya kinu Jumatano.

Wageni wakaondoka mapema, mazungumzo yakaahirishwa. Na wakati huohuo kinu chenyewe kikaanza kulia, beringi ikazunguka na kopo langu, ikaungua.

Nilimwambia Nzilani kwamba ugali ukitafunwa polepole mtu haoni tofauti.

Jumapili, 20 Julai

Mkutano baada ya kanisa. Niliketi nyuma. Nzilani alisimama bila kuitwa, akaomba radhi, hakutaja jina langu. Akamkabidhi Peris ufunguo wa kinu. Peris hakutaka kuupokea, halafu akaupokea. Unga wote umepelekwa kwa kuku.

Kitonga alikuwa ameshafungua shafti. Wakamuuliza tatizo ni nini. Akasema shafti ilikuwa ya zamani, hata yeye ingemsumbua. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Ndipo Peris akamuuliza kama ni kweli yeye hutumia msasa wa seremala. Alishangaa. Akatoa mfukoni ukanda wa kitambaa, laini, umelowa mafuta, akamwekea mkononi. Nzilani aligeuka akanitazama. Tulipofika mlangoni akasema:

"Baba Mutanu, nilisimama kwa ajili ya uongo."

Nikasema haukuwa uongo, ulikuwa makisio.

Jumanne, 22 Julai

Nzilani amekwenda kwa mama yake Masinga. Kusaidia mavuno, amesema. Mahindi ya mama yake yalishavunwa.

Kinu kinasaga. Nakisikia nikiwa hapa, hakina kelele hata kidogo. Kitonga alipita akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula.

Nimefikiria sana wapi mambo yaliharibika. Kopo lilikuwa la soda ya bei rahisi. Na akina mama walinitazama kupita kiasi, mtu akitazamwa husugua zaidi.

Lakini leo mchana amekuja mwalimu wa bendi ya kanisa moja la mjini. Wana trombone, tarumbeta ya shaba ambayo mrija wake unakwama ukivutwa. Alikuwa anaelekea kwa Kitonga, nikamwahi barabarani. Nimemwambia vyombo vya muziki ndivyo nilivyosomea. Anaitaka kabla ya Jumapili, nikamwahidi kesho asubuhi.

Shaba ni laini kuliko chuma. Namba sitini itaimaliza upesi.