Foleni ya Mtandaoni

Siku ofisi ya serikali ilipofunga madirisha yake yote saba na kubandika tangazo, wananchi walifanya kile ambacho wananchi hufanya: walipanga foleni mbele ya tangazo. "Huduma zote sasa zinapatikana mtandaoni, saa ishirini na nne," lilisema, na chini yake mtu wa ofisi alikuwa ameongeza kwa kalamu, "Tafadhali msigonge kioo." Watu walilisoma, wakaguna, kisha wakabaki palepale wasije wakapoteza nafasi zao.

Ng'ambo ya barabara, Bonyeza aliwatazama na mate yakamjaa mdomoni. Jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu hakuna kitu alichokiona kina kitufe asikibonyeze. Alikwisha kuuza saa zisizotembea na dawa ya kuotesha nywele, hii ya pili akiiuza na upara wake mwenyewe juani. Alipenda kusema kwamba ametapeli watu mia moja, na mpaka leo yeye ndiye maskini kuliko wote mia.

Tena safari hii hakutafuta pesa ya kuchezea. Miezi miwili nyuma mkewe alikuwa amefunga sanduku na kurudi kwa mama yake. Hakupiga kelele, angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Nimechoka kuhamahama kila mwenye nyumba akikohoa," alimwambia. "Siku ukiwa na paa lako, au kazi ambayo naweza kuitaja mbele ya watu, nipigie." Bonyeza alimkumbuka mno. Chai aliyojipikia mwenyewe ilikuwa na ladha ya sufuria, na hakuna aliyecheka vichekesho vyake ila yeye, naye alikuwa ameshavisikia.

Kesho yake asubuhi palikuwa na meza mbele ya ofisi, mwavuli, kompyuta ya kuazima, na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: HAPA TUNAUZA NAFASI ZA FOLENI YA MTANDAONI.

"Kwani mtandao nao una foleni?" aliuliza mteja wa kwanza, fundi cherehani aliyekuja na utepe wa kupimia bado shingoni.

"Mama, wewe umewahi kuona serikali isiyo na foleni?"

Fundi alifikiri. Hakuwahi. Akalipa.

Alikuwa anataka cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Bila cheti shule isingemsajili kwa mtihani, na usajili ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi. Bonyeza alimsikiliza kwa uso wa daktari bingwa, akafungua tovuti ya serikali, ambayo ilikuwa bure na wazi kwa kila mtu, akajaza jina la mtoto. Palipoulizwa namba ya simu aliweka ya kwake, maana simu ikiita mezani biashara hunoga. Ikaita kweli, na ujumbe ukaingia: namba ya siri, usimpe mtu yeyote. Akausoma kimoyomoyo, akainua kidole juu.

"Serikali imekusikia."

Yakafuata masharti, kurasa kumi na moja za maandishi madogo. Bonyeza akabonyeza "Nimesoma na nimekubali" hata kabla hayajamaliza kufunguka. Ukafika ukurasa wa nne, ule wa kuambatisha nyaraka, na hapo safari ikaishia. Msimuliaji inabidi aseme kweli, kwa kuwa mwenyewe hatasema: hakuishia hapo kwa ujanja. Hakujua kuambatisha. Alijaribu siku nzima na kitambulisho chake mwenyewe, kompyuta ikampa picha ya mbuzi.

Basi kila mteja akaachwa ukurasa wa nne, akapewa karatasi yenye namba ya foleni na muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa wa duka la mbegu, lakini ulikuwa wa duara, na nani husoma muhuri?

Wajanja wenzake nao hawakukosa kuja. Muuza nyama alimvuta pembeni. "Mimi nataka leseni ya bucha, ila bwana afya asije kukagua. Unanielewa?"

"Hiyo ni nafasi ya kwanza, kaka. Imebaki moja tu."

Nafasi ya kwanza alikuwa ameiuza mara tatu tangu asubuhi. Muuza nyama akalipa maradufu, akaondoka akijipongeza kwa kuwazidi akili wenzake.

Wiki tatu zikapita, maombi yakafika sitini na matatu. Kila siku fundi cherehani alipita. "Bado?" "Mtandao unasumbua, mama." Zilipobaki siku nne mwezi uishe, alikuja macho yamevimba. Moyo wa Bonyeza ukamuuma, kweli ukamuuma, hata akampandisha bure kutoka nafasi ya ishirini, alikosukumwa na walionunua za mbele, hadi ya tisa.

Siku iliyofuata akaja bibi mmoja, mdogo wa umbo, miwani imefungwa uzi, mkoba ameukumbatia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa mtandao? Nina shida. Nina kiwanja, kina na kijumba juu yake, na mimi sina mtu. Nataka kukiandikisha kwa jina la mtu mwaminifu."

Bonyeza aligeuka kutazama nyuma, kuona ni mtu gani huyo mwaminifu aliyesimama. Hapakuwa na mtu. Akaelewa. Paa! Akamwona mkewe anashuka na sanduku, anauliza mlango uko wapi.

"Bibi," alisema, "uaminifu ndio ulioniponza maisha yangu yote."

"Unaonekana," alisema bibi. Akatoa simu mkobani. "Nimefunguliwa fomu humu, ila macho yangu ndiyo hivyo. Naandika polepole. Nitajie jina lako kamili."

Akataja. Akataja na namba ya kitambulisho. Akaondoa kofia, akapigwa picha, akatabasamu mpaka magego. Bibi aliandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na Bonyeza akawa anaizunguka meza kama mtu anayesubiri mtoto azaliwe.

"Hapa kuna maandishi marefu," bibi alisema. "Nikusomee?"

"Hayo hayasomwi na mtu, bibi! Bonyeza 'Nimekubali.'"

"Una hakika? Yanahusu wewe."

"Bibi, mimi ndiye mtaalamu hapa."

Bibi akabonyeza. Simu ya Bonyeza ikaita mezani.

"Imekuletea namba," alisema bibi. "Nisomee."

Watu sitini na watatu alikuwa amewahadaa kwa ujumbe kama ule. Aliyajua maneno yake kwa moyo: usimpe mtu yeyote. Akasoma namba zote sita kwa sauti kubwa, mbili mbili, ili bibi asikosee.

Bibi akaandika, akangoja, akavua miwani. Mgongo wake ukanyooka, na uzee kama wa miaka kumi ukamtoka.

"Hongera," alisema. "Kuanzia sasa wewe ni Mhudumu wa Kujitolea wa Huduma za Mtandaoni, kituo hiki, kwa miaka miwili. Bila malipo. Ni sharti la tatu, ningekusomea."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja gani? Mimi nimepanga chumba kwa fundi cherehani." Akakionyesha kidole kioo cha ofisi. "Nilikaa nyuma ya dirisha la tatu miaka thelathini na moja, karani wa vizazi na vifo. Nimestaafu, sijafa. Mama wa watu ameniletea karatasi yenye muhuri wa mbegu za mchicha."

Bonyeza akaanza kukunja mwavuli.

"Kunja tu," bibi alisema bila haraka. "Lakini tovuti inanionyesha hapa maombi sitini na matatu yenye namba moja ya simu, na sasa namba hiyo ina jina na picha. Wakubwa wakiuliza, utawaambia nini?"

Mwerevu hajinyoi, wahenga walisema. Huyu alikuwa amejinyoa, akajikata, na kulipia wembe. Akaukunjua mwavuli tena.

Bibi akavuta kiti. Akamwonyesha jinsi ya kuambatisha. Ilikuwa vitufe viwili. Bonyeza aliviangalia vile vitufe kwa uchungu wa mtu aliyehangaika miaka na mlango kumbe unavutwa, hausukumwi. Alasiri hiyohiyo cheti cha binti kilitoka, na fundi akakibusu, kisha akampiga Bonyeza kibao kimoja cha haki na kumshukuru. Muuza nyama alipoambiwa leseni ni bure ila ukaguzi uko palepale, alikumbuka ana nyama motoni.

Jioni simu ikaita. Jina lililotokea lilimfanya asimame.

"Nimekuona!" mkewe alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani. "Dada alikuwa anafungua tovuti ya serikali, tukakuta picha yako. Mhudumu! Na umetabasamu vizuri. Mbona hukuniambia?"

"Mke wangu, ngoja nikueleze..."

"Nakuja kesho. Nimeshafunga sanduku. Mama yuko hapa, anauliza, huko serikalini mnalipwa tarehe ngapi?"

Bonyeza aliangalia foleni, watu arobaini wamesimama wanamsubiri, na bibi aliyekuwa anagonga meza kwa kidole. Uongo wa aina kumi ulimjia mdomoni, wote mzuri. Lakini alimpenda yule mwanamke, na hakutaka aje kwa uongo kisha aondoke tena.

"Hatulipwi," alisema. "Hata shilingi. Nakuapia, mke wangu, hii ni kazi ya bure."

Mkewe akacheka mpaka akakohoa.

"Mama!" alimsikia akiita. "Lazima ni mshahara mkubwa. Ameanza kuuficha!"