Mama wa Mapasa Anaulizwa Hali Yake!

Kambi ya Reli, Kamina

Baba Nyembo, Muuguzi Mkuu wetu,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Mimi ni mama yake Jessé, yule fundi wa reli, ambaye mkewe Chancelvie alijifungua mapasa, watoto wawili kwa mpigo, hapo kituoni kwako. Kwa hilo tunashukuru. Ninayemlalamikia ni muuguzi wako Masengo, anayemtibu mkamwana wangu ugonjwa ambao katika ukoo wetu haujawahi kuruhusiwa.

1. Alipokuja kwetu, hakuanza na watoto. Alimuuliza Chancelvie: «Na weye mwenyewe, mama, iko namna gani?» Hapa kwetu tunauliza maziwa, kitovu, na mtoto amefanana na nani. Mama ni gunia. Mahindi yakishatoka, nani analiuliza gunia hali yake? Basi Chancelvie akaangua kilio, nami nina wageni sebuleni! Masengo akasema si uvivu wala uchawi, ni sonona, imeanza tangu mimba, na inatibika.

2. Akampa vidonge, akisema vimechaguliwa ili aendelee kunyonyesha. Nikampinga kwa maombi na maji ya moto ya kumkanda. Akanijibu niendelee navyo, vinasaidia pia. Sasa nitagombanaje na mtu anayekubaliana nami?

3. Amemwagiza Jessé afue nepi. Anazianika mbele ya kambi nzima, na ubaya zaidi, zinatakata kuliko zangu.

4. Hili lilinitia aibu kubwa. Kila Mluba anajua kwamba mapasa wakizaliwa huimbiwa, wazazi hutukanwa matusi mazito, na mama hucheza kwa furaha. Akinuna, mapasa hukasirika na kurudi walikotoka. Akina mama walifika na ngoma, matusi yakiwa tayari mdomoni. Masengo akamuuliza Chancelvie kama anataka. Tangu lini? Naye akajibu kwamba bado. Wageni wakaondoka na matusi yao yakiwawasha, wakatukanana wenyewe kwa wenyewe njia nzima.

5. Matokeo yake sasa. Chancelvie alikuwa mkamwana wa kupigiwa mfano: ameelekea ukuta, hali chakula, hajibu, hanipingi hata kwa jicho. Siku hizi anakula bukari na sombe, anawabeba watoto wake, na juzi ameniambia: «Mama, unapiga makelele sana, bana banalala.» Halafu akacheka!

Kwa hiyo naomba kwa heshima tiba hiyo ikome, Masengo apelekwe Kaniama akawaulize ng'ombe hali zao, nami nirudishiwe mkamwana wangu mnyamavu.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, wanakwaya wote, na huyo Masengo pia, maana adabu ni adabu.

Ni mimi, mwenye manung'uniko na heshima,

Mama Kabedi

N.B. Nilikwisha kuifunga barua hii, nimeifungua tena. Jessé ni Kyungu, ndivyo tunavyomwita wa kwanza wa mapasa. Alizaliwa na Kabange wake, yule wa pili. Nilicheza, Baba Nyembo, nilicheza mpaka miguu ikavimba, meno yote nje, na moyoni nimekufa. Hakuna aliyeniona nimenuna. Kabange aliondoka hata hivyo. Tafadhali Masengo asihamishwe. Alhamisi namleta Chancelvie mimi mwenyewe, na kama mnapokea hata waliozaa zamani, nitakaa mwisho wa mstari.