Yah: Kombi Uliyoikagua Kama Ng'ombe

Gitting, Hanang,
Mkoa wetu mpya wa Manyara.
11 Machi 2004

Baba Mkubwa Margwe,
Gehandu.

Shikamoo Baba Mkubwa.

Sasa hivi tu mjukuu wako Lukasi ameingia jikoni ameshika kitu kirefu cheusi kwa mikono miwili, akanipa, akasema, "Mama, songa ugali." Nikakitazama. Ni fimbo ya gia ya ile kombi. Ameing'oa peke yake, na umri wake ni miaka miwili na miezi minne. Hata hakutokwa jasho. Imetoka kama karoti kwenye udongo wa masika.

Ndipo nikasema acha niandike. Ana kwa ana siwezi, maana mkwe hapandishi sauti mbele ya baba mkwe, lakini karatasi haina sauti. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nitaweka namba nisipotee.

Unakumbuka ilivyokuwa. Mwanao Ezekiel, mume wangu, alisikia redioni kwamba siku hizi biashara ni huria, na kwamba mkoa mpya utaleta wageni wa kupanda mlima wetu. Jirani yetu Gerald alikuwa na kombi ya zamani yenye kitanda, kabati na jiko humo humo ndani, aliachiwa na mgeni. Gerald akamtaka Madoa kama malipo, ng'ombe niliyepewa na baba yangu nilipojifungua Lukasi, yule mwenye pembe moja iliyopindia jichoni. Ezekiel hajui magari. Akakuita wewe kwa sababu mnadani Katesh hakuna anayekushinda kuchagua ng'ombe. Nami nilifurahi, ukachinjiwa jogoo.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Ulianza mdomoni, kama kawaida yako. Mbele hukuona injini. Gerald akasema iko nyuma, ukajibu, "Vizuri, mnyama wa kazi nguvu zake ziko nyuma." Hukuomba ifunguliwe. Fundi Pascal alipoifungua wiki iliyofuata alikuta panya na watoto wake sita, na mkanda wa injini ni soksi ya kike.

2. Uliipiga kofi ubavuni, ukausifu unene. Baba Mkubwa, unene ule ni puti ya kuzibia matundu ya kutu. Niliposugua matope mkono wangu ulizama mpaka kwenye kiwiko, nikashika kitanda kwa ndani. Pascal anasema mnunuzi huja na sumaku mfukoni, kwa sababu sumaku hushika bati na haishiki puti. Wewe ulikuja na fimbo.

3. Uliagiza itembezwe uone mwendo. Gerald akaitembeza, kutoka kwake juu mpaka kwetu chini. Ukasema, "Mpole huyu, hana kelele." Hakuwa na kelele kwa sababu injini ilikuwa imezimwa. Mpaka leo haijapanda hata kichuguu.

4. Ulitafuta alama ya mwenyewe, ukaona lile duara la nembo usoni, ukaridhika. Kadi ya gari ukasema ni karatasi za watu wasiojua mifugo. Nimeisoma kwa utulivu. Inasema gari letu ni trekta jekundu.

5. Umri ulipoulizwa ulisema mzee hatoroki. Hapo nakiri hukukosea. Haijatoroka.

6. Madoa alinipa lita nne kwa siku. Kombi kila asubuhi inatoa matone meusi kwenye sufuria niliyoitegea. Lukasi anakunywa uji mkavu, bila maziwa. Ezekiel alimwambia kwa utani kwamba Madoa amegeuka kuwa gari, na mtoto ameamini. Kila kukicha anachukua kikombe chake, anagonga mlango wa kombi, anasimama pale anasubiri. Mimi namtazama kupitia dirishani. Baba Mkubwa, hilo la sita ndilo limenishikisha kalamu. Hayo mengine ningevumilia.

Sasa ombi langu. Mama mkwe amenifundisha desturi ya ukoo wenu, kwamba mzee akichagua ng'ombe na ng'ombe yule akawa tasa, mzee hutoa mtamba kutoka zizini kwake. Wewe uliihukumu kombi kwa sheria ya ng'ombe. Mimi si mwanasheria, ila naona sheria ikiingia nyumbani haitoki kwa mlango wa nyuma. Imekaa kwetu miezi mitano. Haikamuliki, haichinjiki, haivuti jembe, haizai. Hiyo ni tasa.

Kwa hiyo naomba kabla ya Jumapili uniletee mtamba wa maziwa. Ukiona ni mzigo, basi ipokee kombi zizini kwako, uifunge kamba, uitafutie dume, mimi nitangoja ndama. Na usipojibu nitaiachia tu hapa mlimani, yenyewe inapenda kuteremka, itakufikia.

Wasalimie Mama Mkubwa, watoto, wachungaji na mbuzi yule aliyekula kofia ya Ezekiel. Sina kinyongo na mtu.

Ni mimi mkweo mwenye adabu tele na kibuyu kikavu,
Scolastica, Mama Lukasi.

N.B. Baba Mkubwa, barua nilishaifunga, leo Jumamosi nimeifungua tena kwa mvuke wa sufuria. Usilete mtamba. Jana asubuhi Judith, mke wa Gerald, alishikwa na uchungu. Barabara ni tope, hakuna gari lililopanda. Gerald akaja mbio kwetu, mguu mmoja una kiatu, akaomba kombi. Tukamlaza Judith kitandani mle ndani, mimi nikakaa naye, Gerald akashika usukani, fimbo ya gia nikamrudishia kutoka jikoni. Ezekiel na vijana wakasukuma, tukaanza kuteremkia zahanati kimya kimya kama ulivyosema. Njiani Gerald alizitaja kasoro zote kwa mdomo wake. "Mungu wangu, breki za nyuma hazipo! Usiegemee mlango huo, Mama Lukasi, umeshikwa na waya!" Kumbe alikuwa anazijua zaidi ya fundi. Judith akamwambia, "Mwenyewe uliiuza, nyamaza uendeshe."

Hatukufika zahanati. Mtoto amezaliwa ndani ya kombi, wa kike, ana nywele nyingi, na mama yake ni mzima. Ng'ombe wanne wameivuta mpaka nyumbani. Sasa sheria yako imenifunga mimi: aliyetoa mtoto haitwi tasa. Ulichagua vizuri, nisamehe. Na tayari wajawazito wawili wa huku juu wameuliza kitanda kina nafasi lini, na mimi nimeanza kushona pazia la

Ngoja kidogo. Ezekiel ananiita huko nje, anasema Gerald yuko uani na kamba mkononi, ameleta kitu, na Lukasi ametoka mbio na kikombe chake. Kwa hapa dirishani naona pembe moja tu, imepindia