Nyuki wa Chama Waliohamia kwa Bibi Pili

Mwembesongo, Morogoro
Jumatatu, 13 Juni 1910

Kwa Bwana Akida, msikilizaji wa mashauri ya wakubwa na wadogo,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuarifu kwamba mwilini ni mzima, ila rohoni nimechubuka. Ninayekuandikia ni Mikidadi bin Mwinjuma, karani wa Chama cha Wafuga Nyuki wa Mwembesongo. Tuko watu tisa, tumejikusanya kwa hiari yetu bila kusukumwa na mtu, ili wenzetu waone kwamba hata nyuki akifundishwa hustaarabika.

Najua umekwisha kumwita barazani siku ya Alhamisi Bibi Pili, yule mzee wa juu mtoni mwenye mizinga kumi na mmoja, kwa ajili ya mashtaka tuliyokuletea kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo hupeperuka, na mzee akianza kulia watu husahau haki. Kwa hiyo nayaweka kwenye karatasi, moja baada ya jingine.

1. Nyuki ni wetu. Mwezi wa Aprili mwenyekiti wetu, fundi seremala Severini, aligeuza sanduku la mafuta ya taa kuwa nyumba ya nyuki, akifuata picha iliyokuwa kwenye kipande cha gazeti la Kijerumani tulichofungiwa sabuni dukani. Tukalipaka rangi nyeupe, tukaandika jina la Chama kwa herufi kubwa. Siku ya nne kundi la nyuki likaingia. Nani aliwalazimisha? Waliona mahali pa heshima, wakaingia. Siku hiyo hiyo niliwaandika kitabuni: nyuki elfu nne mia mbili na sita. Hesabu ilifanywa na Bwana Ahmadi, mwanachama, mpaka alipoumwa kwenye jicho; kuanzia hapo tulikadiria.

2. Tuliwatunza kuliko wazazi wao. Kila Jumamosi tulitoa masega, tukasugua sanduku ndani na nje kwa maji ya moto na sabuni ya mche, maana usafi ndio mwanzo wa elimu. Kisha niliwasomea kanuni za Chama, zote kumi na saba, polepole, nisije nikawaacha nyuma wale wazito. Baada ya Jumamosi ya pili waliondoka wote, hata kuaga hawakuaga! Ahmadi aliwafuata kwa jicho moja lililobaki mpaka juu mtoni, akawaona wakiingia kwenye mzinga wa Bibi Pili. Sasa nakuuliza, Bwana Akida: aliyelala kwenye sanduku jeupe atahamiaje kwenye gogo jeusi lililotobolewa kwa patasi, kama hakurubuniwa?

3. Na urubuni wenyewe ni huu. Mzee huyu hupaka ndani ya magogo yake nta kuukuu, akasugua na majani ya mchaichai, akafukiza moshi mpaka mzinga unanuka kama jiko la mtu asiyefagia. Maji ya moto mizinga ile haiyajui tangu iliponing'inizwa na marehemu mjomba wake, aliyemrithisha. Alama ya mwenyewe ni mistari mitatu iliyokatwa kwa shoka. Mistari mitatu! Hata mbuzi akijikuna ukutani huacha mistari mitatu. Sisi tuna herufi.

4. Kiburi. Tulimwalika mkutanoni tumfundishe bure. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu. Akakaa kwenye mkeka, akala maandazi yetu, akasikiliza kanuni zote kumi na saba bila kusinzia, jambo ambalo hata mwenyekiti hajaliweza. Nilipomwuliza kama ana la kusema, akasema: "Mjukuu wangu, wewe ungekuwa nyuki, ungekaa kwenye sabuni?" Wanachama wawili walicheka. Nao nimewaonya kwa maandishi.

5. Nyuki wetu sasa wamechanganyika na wale wake wa mwituni, hawajulikani nani ni nani. Nilipanda mwenyewe kwenda kuwatambua. Nilirudi na mdomo wa juu umevimba, na hilo nalileta kama ushahidi, kwa sababu hawezi kuulenga mdomo wa karani ila nyuki aliyewahi kumsikia akisoma. Basi kwa kuwa hawatenganishiki, haki inasema mizinga yote kumi na mmoja ni ya Chama. Asali nayo ni yetu. Mke wangu Chausiku hununua kibuyu kwa Bibi Pili kila juma, maana yake nauziwa mali yangu, tena naambiwa ni tamu, tena kwenye mkeka wangu mwenyewe.

6. Nyuki huzaliana. Watakaozaliwa na wetu ni wetu, na watakaozaliwa na hao vilevile. Hakuna mtu kutoka Dakawa mpaka Gairo awezaye kuapa kwamba nyuki wake hana ujamaa na wa Chama. Mpaka aape, tumhesabu kuwa wetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mizinga ya mzee iteremshwe, iletwe kwetu, isuguliwe. Bibi Pili akatazwe moshi. Tena mbiu ya mgambo ipigwe, watu wote wasikie kwamba kila nyuki anayeonekana Morogoro ni mali ya Chama cha Wafuga Nyuki wa Mwembesongo, na kila atendalo, liwe lolote, amelitenda kwa jina la Chama.

Najua watakuja wenye huruma wakuambie kwamba mzee huyu hana mtoto wala shamba la maana, na kwamba mizinga ile ndiyo chumvi yake na nguo yake. Huenda ni kweli. Lakini hilo si kosa la Chama. Angejiandikisha.

Nisalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na askari wanaolinda baraza, na yule mpishi wako aliyeniambia nirudi kesho mara nne. Wanachama wote wanakusalimu. Chausiku naye anakusalimu, ingawa katika shauri hili hayuko upande wangu.

Mimi mtiifu wako,
Mikidadi bin Mwinjuma, karani wa Chama

Nyongeza. Bwana Akida, barua hii sikuwahi kuifunga. Adhuhuri ya leo, wakati Chama kinakutana barazani kwangu ili kuisikia ikisomwa, kundi la nyuki lilitua kwenye tandiko la nyumbu aliyekuwa amefungwa karibu na soko, nyumbu wa Bwana Shauri, yule Mjerumani wa bomani. Nyumbu alikata kamba, akapita katikati ya wauza mihogo, akaangusha tandiko penye ua wa jirani yangu, naye mwenyewe mpaka saa hii hajulikani aliko. Shaushi, yule mkubwa wa askari aliyekuwa akimlinda, aliumwa mara nyingi, hata jichoni. Akatafuta wenye nyuki, na katika mji wote kibao chenye picha ya nyuki ni kimoja tu, kiko juu ya mlango wangu.

Aliingia na kiboko mkononi, jicho limefumba, akauliza mara moja tu: "Nyuki hawa ni wa nani?"

Mwenyekiti Severini alisema hiki ni chama cha kuimba, akaanzisha wimbo wa kanisani. Wote tukaitikia, hata Ahmadi, ambaye tangu azaliwe hajaingia kanisani. Shaushi akachukua kitabu cha Chama. Namshukuru Mungu hajui kusoma. Akanipa, akaniamuru nisome kilichoandikwa. Ukurasa uliofunguka ni ule wa nyuki elfu nne mia mbili na sita, kwa mwandiko wangu, na chini yake jina langu. Nikasoma kwa sauti: "Nyuki ni viumbe vya Mungu, hawana mwenyewe." Bwana Akida, neno hilo halimo kitabuni.

Bibi Pili alikuwa uani, amemletea Chausiku kibuyu chake. Alikuwa amesikia yote. Alikiweka kibuyu chini, akapita katikati yetu sisi tisa, akasimama mbele ya kiboko, akasema: "Wangu."

Hakuna aliyemkanusha. Nami, niliyeandika mambo sita ya kuthibitisha kwamba si wake, nilitazama miguu yangu. Shaushi aliinua mkono. Bibi hakurudi nyuma. Alimwambia, "Ngoja kwanza niwatoe, wasije wakauma mwingine, kisha unipige." Akachukua kikapu, akakipaka nta aliyoitoa kwenye pindo la khanga, akaenda kwenye tandiko, akawakusanya kwa viganja vitupu, taratibu, kama mtu anayechota unga. Aliporudi, mikono yake ilikuwa imefunikwa na nyuki mpaka kwenye viwiko. Akamwambia shaushi, "Haya." Shaushi alimtazama kwa jicho lake moja, akakiweka kiboko kwapani, akasema mama chukua watoto wako uende.

Nilimfuata njiani. Nilimwuliza kwa nini amesema hivyo, na nyuki wenyewe huenda hata si wa mizinga yake. Akasema, "Mjukuu wangu, nimekula asali yao miaka thelathini. Leo wameuma mtu, niwakane?"

Basi naomba ufute jambo la kwanza mpaka la sita, pamoja na yale maombi matatu, hasa lile la mbiu. Ningeandika barua nyingine, lakini hii ni karatasi ya mwisho ya Chama, nawe umekwisha kumwita mzee, kwa hiyo ni lazima nikuarifu kabla ya Alhamisi. Siku hiyo nitakuja, ila nitasimama upande wake, na kama kuna wa kuulizwa kwa ajili ya usumbufu, niulize mimi. Safari hii nitajibu.

Sanduku letu tumelikwangua herufi. Nilimwomba Bibi Pili ruhusa tulikate mistari yake mitatu, tulining'inize kwenye mti wake, liwe la kumi na mbili. Hakukataa. Amesema tungoje kwanza harufu ya sabuni iishe.